Kiuno cha Juzi na Goti la Miaka: Kwa Mnaoanza Kuchoma Sindano

Watu wa Mombasa wameizoea hijama, kule kuumikwa na kutolewa damu. Basi usishangae mgonjwa akilala dakika 20 na sindano mwilini, kisha akakuuliza, "Na ile damu chafu mbona haikutoka?" Mweleze mapema kwamba akupancha ni kazi nyingine: sindano nyembamba, unene wake kama robo ya milimita, haina dawa ndani na hainyonyi kitu. Atahisi uzito au ganzi kidogo pale ulipochoma. Wachina huuita de qi. Akihisi kama umeme unashuka mguuni, umegusa neva. Vuta nyuma.

Nilipoanza nilikuwa nimezikariri nukta zote 361 za mwilini za kuchoma. Kuuliza ndiko sikujua.

Kuli akija amepinda, kiuno kimemshika juzi akiinua gunia, usikimbilie pakiti ya sindano. Je, mkojo umeziba, au unamtoka bila habari? Kuna ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani? Mguu unalegea? Ana homa? Akijibu ndiyo hata kwa moja, aende hospitali leo hii, wala usimchome kwanza "apate nafuu ya njiani". Ukiwa umeridhika hana hayo, sindano chache zatosha. Mimi hutumia nukta mbili za nyuma ya kiganja, huku mgonjwa akizungusha kiuno pole pole. Mzee mmoja aliniangalia kwa dharau: "Kijana, naumwa ni kiuno, wanidunga mkono?" Alipoondoka aliinama akavaa viatu mwenyewe. Lakini usijitape, kiuno cha namna hiyo mara nyingi hupoa chenyewe baada ya wiki kadhaa, uchome usichome.

Zamani nilikuwa nawachoma hivyo wamesimama. Siku moja ya Ramadhani, alasiri, nikamchoma kijana ambaye tangu daku hakuwa ametia kitu kinywani. Jasho jembamba, uso ukapauka, akaanguka. Nilitoa sindano, nikamlaza, nikainua miguu yake, akazinduka. Tangu hapo namkalisha au namlaza kila mtu, na aliyefunga namwambia aje baada ya futari. (Kama sindano inafunguza, hilo akamwulize shekhe wake, usijitie kutoa fatwa.)

Maumivu yaliyopita miezi 3 yana hesabu nyingine. Chukua mama muuza mahamri, goti la miaka minne, kila alfajiri juu ya kibao kifupi mbele ya karai. Usimwahidi kupona. Mwambie ukweli: majaribio yaliyokusanya wagonjwa wapatao 20,000 yanaonyesha sindano husaidia maumivu sugu ya mgongo, shingo, goti na kichwa, ila tofauti kati ya sindano za kweli na za uongo, yaani za kuigiza ili kulinganisha, si kubwa. Ukimficha hilo, atakuja kukulaumu, tena kwa haki. Mpangie mara 6 hadi 8, moja kwa wiki, na ukadirie nauli ya matatu kabla hujapanga mara mbili kwa wiki. Kumwuliza "maumivu ni ngapi kati ya kumi?" hakukunipa mengi. Huyu alikuwa akiswali kwenye kiti. Nikawa namwuliza kama amesujudu. Wiki ya tano akasujudu, kwa kuegemea mkono. Kile kibao pia tukakibadilisha kikawa kirefu zaidi, na siwezi kukuapia ni sindano au ni kibao.

Begani na mgongoni kwa juu, choma kwa kina kifupi na kwa mshazari: pafu liko karibu kuliko unavyodhani, na limekwishatobolewa na wenye uzoefu. Mjamzito, iache nukta ya kati ya gumba na shahada. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjue kabla. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha iingie kwenye kisanduku cha vyenye ncha.

Na uandike idadi ya ulizochoma, uzihesabu ukizitoa. Ile ya kwenye nywele ndiyo husahaulika, na utapigiwa simu yeye keshafika Kongowea.