Kabla ya kulipia kiwanja, soma daftari

Hati nene yenye muhuri na saini tatu huwapumbaza wanunuzi wengi. Inapendeza machoni, inatiwa kwenye bahasha, mtu anatoa pesa. Pale ardhi inaposajiliwa, hati uliyoshika ni nakala tu, na kauli ya mwisho iko kwenye daftari la msajili. Mfumo huo ulianzia Australia Kusini mwaka 1858, kwa juhudi za Robert Torrens, kisha ukaenea nchi nyingi. Kusikokuwa na daftari la aina hiyo, itakubidi ufuatilie mikataba ya nyuma, nani alimuuzia nani, na mkataba mmoja ukikosekana miliki yote inatiliwa shaka. Kwa vyovyote, karatasi ya muuzaji ichukulie kuwa ni namba ya kwenda kuulizia.

Omba nakala ya hati, kisha peleka namba ya hati na ya kiwanja ofisi ya usajili ukaombe upekuzi rasmi, yaani taarifa ya kilichoandikwa daftarini kuhusu kiwanja hicho. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Usimtume dalali, na usikubali majibu aliyokuletea muuzaji, hata yakiwa na muhuri. Wengi wakishaona jina la mmiliki linalingana hufunga faili, ilhali yenye madhara yameandikwa chini: rehani, zuio (angalizo la daftarini linalosimamisha uhamisho), amri ya mahakama, njia ya jirani kupita. Rehani iliyosajiliwa hubaki kwenye ardhi hata akibadilika mmiliki. Barua ya mkopeshaji inayosema deni limekwisha haitoshi. Kuondolewa kwa rehani lazima kuandikishwe daftarini.

Upekuzi nao unachacha. Ukiufanya leo ukalipa baada ya wiki 3, muuzaji ana wiki 3 za kukopea kiwanja hicho hicho au kumuuzia mwingine. Urudie siku ya kulipa. Sheria ya mahali ulipo ikiruhusu, weka zuio mara tu mkataba unaposainiwa.

Halafu mtazame anayesaini. Linganisha kitambulisho na hati herufi kwa herufi. Jina likitofautiana, lirekebishwe kabla ya mauzo, kwa sababu msajili anaweza kukataa uhamisho wakati pesa zimeshaondoka. Mmiliki akiwa amefariki, mtoto wake hawezi kuuza kwa kuwa tu ni mrithi: anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua za uteuzi. Wamiliki wenza wasaini wote. Mwenza wa ndoa atoe ridhaa kwa maandishi, maana mauzo mengi huangukia hapo. Anayeuza kwa niaba ya mwingine aonyeshe hati ya uwakilishi, nawe uisome hadi mwisho: inasema "kuuza", au "kusimamia" tu? Na aliyeitoa yu hai? Kwa kawaida akifa, nguvu ya hati hiyo hufa naye.

Uwanjani nenda na mpima ardhi na ramani ya upimaji, mkatafute mawe ya mipaka moja moja na kusoma namba zake. Ua na mstari wa miti si mpaka. Kiwanja cha mstatili cha mita 25 kwa 40 kina mita za mraba 1,000. Pande zote zikitoka sawa, usiondoke bado: vuta futi kona kwa kona, mara mbili. Vipimo vyote viwili viwe karibu mita 47.2. Vikipishana sana, kiwanja kimelala upande na eneo limepungua, ingawa pande zinasoma vilevile.

Mkataba utaje namba ya kiwanja, eneo, bei, tarehe za malipo na nani analipa kodi na ada. Lipa kupitia benki, kwa jina lililo kwenye hati, na ubakize sehemu ya maana ya bei mpaka uhamisho usajiliwe. Kosa kubwa la wanunuzi waangalifu ni kuishia kwenye mkataba. Penye usajili, mkataba na risiti vinakupa dai dhidi ya muuzaji. Miliki inahama daftarini. Kiwanja kikiuzwa mara mbili, mara nyingi anayeshinda ni yule aliyetangulia kusajili kwa nia njema, hata kama wewe ulilipa kwanza.

Uhamisho ukikamilika, omba upekuzi mara moja zaidi. Safari hii jina lisomeke lako, na sehemu ya rehani iwe tupu.