Kutyuni besi kwa anayeanza: simu haisikii vizuri noti za chini, isaidie

Mkuu, nimekuelewa: umenunua gitaa la besi la mtumba la nyuzi nne kwa ajili ya kwaya, mshale wa programu ya simu ya kutyuni (kuweka sawa sauti za nyuzi) unachezacheza hautulii, na uzi mwembamba umeshakatika. Unauliza pia kama utyuni kwa kinanda cha kanisani. Wamekushauri ununue tyuna ya bei, yaani kifaa cha kupimia noti. Kabla hujatoa hela, ngoja nikueleze nilivyopita mimi, maana yote mawili yalinikuta mwaka wangu wa kwanza.

Nianze na uzi kukatika. Ukiipakata besi, uzi mnene ulio karibu na uso wako ni E, kisha A, D, na mwembamba wa chini kabisa ni G. Tyuna nyingi zinaonyesha herufi tu, hazikuambii hiyo G ni ya juu au ya chini. Mimi nilikuwa nakaza ule mwembamba, nikaona imeandika A. Nikahesabu kichwani A, B, C, nikaamini G iko mbele bado. Kumbe nilishaipita, maana baada ya G herufi huanza tena A. Niliendelea kukaza mpaka uzi ukapasuka na kunichapa mkono. Kwa hiyo ukiona herufi usiyoitarajia, legeza kwanza. Legeza mpaka uzi uwe mlegevu kabisa, halafu panda taratibu huku unaupigapiga. Na usianze na G. Anza na A, uilinganishe na kitu unachokiamini, nyuzi nyingine zifuate.

Sasa simu. Maikrofoni yake imelengwa sauti ya mtu anayeongea. Uzi wa E ukiachwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, A ni 55, D kama 73, G 98. Huko chini simu inababaisha. Dawa yake ni hamoniki, yaani sauti ya juu inayotoka uzi ukiguswa tu, na haina gharama. Weka kidole cha mkono wa kushoto juu ya uzi, sawasawa na chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo; mara nyingi pana alama mbili hapo). Gusa tu, usibonyeze. Piga uzi kwa mkono wa kulia karibu na daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa besi), kisha ondoa kidole mara moja. Utasikia sauti nyembamba, safi, kama kengele ndogo. Ni noti ileile lakini imepanda oktavu moja, E inakuwa kama 82, na mshale utatulia. Nyuzi nyingine zizuie kwa kiganja zisiitikie. Usipige kwa nguvu pia: uzi ukipigwa kwa nguvu huanza juu kidogo ndipo ushuke, nawe utakuwa unaufukuza bure.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu: fika kwenye noti ukitokea chini, siku zote. Ukiipita, usirudi nyuma kidogo ukaishia hapo. Shusha chini ya noti, kisha panda tena. Meno ya kile kigingi cha kukazia huwa na ulegevu kidogo, na ukimaliza kwa kulegeza, uzi utashuka wenyewe katikati ya wimbo. Ukishamaliza nyuzi zote nne rudia tena tangu mwanzo, maana shingo inavutwa na uzi mmoja ukikazwa hulegeza wenzake.

Kuhusu kutyuni kwa kinanda cha kanisani, ni njia nzuri, ila muulize kwanza mpiga kinanda kama transpozi (kitufe cha kuhamisha sauti ya kinanda) iko sifuri. Wengi wanapandisha au kushusha kinanda kizima ili wabaki kwenye vidole walivyozoea. Jumapili moja niliomba A kwa haraka, nyuzi zikakubaliana vizuri, nikaridhika. Wimbo wa pili akarudisha transpozi sifuri, na besi yangu ikawa nusu hatua juu ya kwaya nzima. Wazee wa sauti ya nne ndio waliogeuka kwanza.

Lakini wewe umetoka kwaya, kwa hiyo una hazina ambayo wapiga gitaa wengi hawana: solfa, yaani do, re, mi. Kutoka E kwenda A ni so ya chini kwenda do. A kwenda D ni hivyohivyo, D kwenda G hivyohivyo. Piga E, imba so, panda do, ndipo upige A. Sikio lako litajua kabla ya mshale. Kisha hakikisha: bonyeza freti ya 5 kwenye E, hiyo ni A, ipige pamoja na uzi wa A ulio wazi. Ukisikia sauti inapumua wau-wau-wau, bado hazijakutana. Mapumuo yakienda polepole unakaribia, yakitulia kabisa umefika. Fanya vivyo hivyo A kwa D, na D kwa G. Nilipoanza kuyasikia hayo mapumuo, simu niliiacha mfukoni.

Uzi mpya utakaouweka utashuka siku mbili tatu za mwanzo, si ubovu. Uzungushe mara mbili au tatu kwenye kigingi, uvute polepole kwa vidole, utyuni tena, rudia mpaka utulie.

Ukishatyuni, piga hamoniki ya freti ya 12, halafu bonyeza freti hiyohiyo na upige. Zinapaswa kuwa sawa. Kama ya kubonyeza iko juu zaidi, tatizo liko kwenye daraja: kile kipande kinachobeba uzi kinatakiwa kurudishwa nyuma, mbali na shingo. Besi za mtumba zina hilo sana. Weka picha ya daraja lako hapa tuone skrubu zake zikoje kabla hujagusa chochote.