Kuchanganya seti za vigari vya plastiki: anza na kioo

Seti ni boksi la vipande vya kigari unachokiunga mwenyewe kwa gundi. Ukitaka kuunda kigari cha plastiki ambacho hakuna kiwanda kinachokiuza, kwa kuchukua bodi ya boksi hili, injini ya boksi lile na tairi za boksi la tatu, tazama kioo cha mbele kabla hujatazama kitu kingine chochote. Bodi utaikata, utairefusha, utaijaza fila na kuipiga msasa mpaka kiungo kisionekane. Chasi utaiunda upya kwa vijiti vya plastiki. Kioo kilichopinda hakikatwi kikaungwa. Kikishapata mstari wa gundi katikati, mstari huo haufutiki tena, na kila atakayekishika kigari chako macho yake yatakwenda palepale. Kwa hiyo seti inayokupa kioo sahihi, pamoja na nguzo zake na paa lake, ndiyo seti mama. Nyingine zote ni za kuchangia.

Vijana wengi wanaoniuliza habari hizi huanza na injini. Wamepata boksi la Marekani lenye V8, injini ya silinda nane, ya kung'aa na wanatafuta gari la kuitia. Nawaelewa, injini ni tamu kuunda. Lakini injini hukaa chini ya boneti, na kigari kikiwa kwenye kabati, boneti hufungwa. Kinachoonekana kutoka upande wa pili wa chumba ni mstari wa paa, mlalo wa kioo, na jinsi tairi zilivyokaa ndani ya matao yake. Hayo matatu yakikosewa, hata injini iwe nzuri namna gani, mtu anayelijua gari lenyewe atakunja uso.

Kwa anayeanza nashauri Land Rover ya zamani, na sababu yangu ni hicho kioo. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kioo chake cha mbele ni vipande viwili bapa. Ukikipoteza au kikikwaruzika, unakata kingine kwenye plastiki angavu ya boksi la shati au la keki. Bodi nayo ni mabapa yaliyonyooka, kwa hiyo msumeno mwembamba na rula vinatosha. Kampuni ya Revell wanayo Series III ya 109, ile ndefu, katika skeli 1:24 (yaani kigari ni sehemu moja kati ya ishirini na nne ya gari la kweli), na hiyo ni seti mama nzuri kwa mtu wa huku kwetu.

Nasema wa huku kwetu kwa sababu Malindi magari yenyewe yamechanganywa. Zitazame Land Rover zinazopita Kakoneni na Langobaya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki, au zile za njia ya viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni. Bodi ni ya Uingereza, lakini ukifungua boneti unakuta dizeli ya Toyota, siti zimetoka kwenye gari jingine, rimu zimetoka kwa mwenye gari lililokufa, na tangi la mafuta limechomelewa gereji. Ukiunda Land Rover hiyo kama ilivyotoka boksini, utapata gari la Uingereza. Ukitaka ya Malindi, kuchanganya ni lazima. Basi kabla ya kununua chochote, nenda kasimame mbele ya gari la kweli, lipige picha kila upande, uliza ruhusa ulale chini ulitazame kwa chini, na uende na futi ya kupimia.

Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa Land Rover kazi imerahisishwa, maana ile namba 109 ndiyo umbali huo kwa inchi. Ni milimita 2,769. Gawanya kwa 24, unapata milimita 115 na kidogo. Kigari chako kikiwa chini au juu ya hapo, kuna kitu hakijakaa.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu watu hupenda kuigeuza 109 iwe 88, ile fupi. Hesabu inaonekana nyepesi: tofauti ni inchi 21, yaani milimita 533, na kwa skeli 1:24 ni milimita 22. Mtu anakata milimita 22 nyuma ya milango, anaunga, anasogea mbali kutazama, na gari halifanani. Mkia wake ni mrefu mno. Sababu ni kwamba 109 ina urefu wa milimita 4,445 kutoka bampa hadi nyuma, na 88 ina 3,617. Tofauti ni 828, si 533. Zile 295 zilizobaki ziko nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo unakata mara mbili: milimita 22 kati ya mlango na tairi ya nyuma, na milimita 12 hivi mkiani. Chasi unaikata vilevile, na propela, ile shafti inayokwenda ekseli ya nyuma, pia ifupishwe, maana ukiiacha itasukuma ekseli ya nyuma na tairi zitakaa zimepinda. Kata chasi na bodi kwa nyakati tofauti, lakini chora mistari yote kwa siku moja, kwa kalamu ileile yenye ncha nyembamba, ukipima kutoka sehemu moja tu. Mimi hupima kutoka ukuta wa injini, ule unaotenga injini na siti, kwa sababu hapo pande zote mbili pamenyooka.

Suala la skeli huwatisha watu kuliko linavyostahili. Wajapani, yaani Tamiya, Hasegawa, Fujimi na Aoshima, hutengeneza magari zaidi kwa 1:24. Wamarekani wa AMT na MPC wamezoea 1:25. Gari la mita nne na nusu kwa 1:24 lina milimita 187 na nusu, kwa 1:25 lina 180. Katika bodi, hizo milimita saba na nusu ni nyingi: mlango wa 1:25 haukai kwenye bodi ya 1:24 bila kuonekana. Lakini injini, gia boksi, siti, betri, usukani na hata springi vinapokezana bila shida. Tofauti ya asilimia nne kwenye siti haionekani kwa macho. Tairi zipime kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Tairi ya 7.50-16 iliyozoeleka kwenye 109 ina kipenyo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo kwenye kigari tafuta ya milimita 33. Maandishi ya boksini yasikubabaishe, pima tairi yenyewe.

Jambo jingine la kujua mapema: seti nyingi za Kijapani hazina injini kabisa, chini ya boneti ni patupu. Injini ya kuchangia huja zaidi kutoka kwenye maboksi ya Marekani. AMT walianza seti za "tatu kwa moja" mwaka 1958, boksi moja likiwa na vipande vya kuunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au la mashindano, au la mapambo. Mpaka leo maboksi ya aina hiyo yana vipande vya ziada ambavyo hutavitumia kwenye gari lake, na hivyo ndivyo akiba yako. Usitupe hata kimoja.

Kwa Land Rover yenye dizeli ya silinda sita, tafuta injini ya silinda sita za mstari mmoja, ondoa kabureta na plagi na nyaya zake, weka pampu ya dizeli na mabomba yake kwa waya mwembamba wa shaba. Kabla ya kuibandika, nilikwenda kumwuliza fundi mmoja wa gereji anayezifunga injini hizo kwenye magari ya kweli. Akashika kigari, akaangalia kwa ndani, akasema: "Shekhe, hii ni ndefu kuliko ya mwenyewe. Ukiirudisha nyuma itagonga ukuta. Ukiileta mbele, feni itakula rejeta. Sisi tunasogeza rejeta mbele, tunakata hapa." Akaonyesha kwa kucha mahali pa kukata. Nikakata palepale, rejeta ikasogea milimita nne, na boneti ikafunga. Mafundi hawa ndio maktaba yetu, na wanafurahi kuulizwa.

Gundi. Gundi ya plastiki haigandishi, inayeyusha: kingo mbili zinakuwa laini, zinaingiana, zikikauka ni kipande kimoja. Hiyo ndiyo ya kuungia bodi. Supaglu ni ya pale unapokutanisha plastiki na chuma, au na kipande cha resini. Usiitumie kwenye vioo, mvuke wake huviachia ukungu mweupe. Vioo vinataka gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka ikawa angavu. Pale bodi ilipokatwa, usitegemee ukingo kwa ukingo. Bandika kipande bapa cha plastiki kwa ndani kikamate pande zote mbili, acha usiku kucha, ndipo ujaze ufa kwa nje. Kwa kujazia, vunjavunja yale matawi yanayoshika vipande boksini, yatie kwenye kichupa cha gundi ya plastiki mpaka yayeyuke yawe uji mzito. Hiyo ni plastiki ileile, haitachubuka wala kupasuka, na msasa unaikata sawa na bodi. Fila ya gereji pia inafaa ukiipaka nyembamba. Ipige msasa ukiwa na maji, na ufunike pua.

Thina ya gari ina nguvu kuliko plastiki hii, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye tawi la kutupa. Na ukinunua maboksi ya zamani, zitoe tairi laini uziweke mfuko wa peke yake. Mafuta yaliyomo ndani yake hula plastiki ngumu, na kwa joto letu zikikaa zimegusana na rimu au kioo, utakuta alama iliyochimbika.

Mizigo na vifaa vya juu ya karia ni sehemu ambayo kuchanganya ni raha tupu. Italeri ya Italia hutengeneza malori ya 1:24, na vipande vyake vya ziada vinaingia moja kwa moja. (Malindi Waitaliano ni wengi, hatukosi mtu wa kutusomea karatasi ya maelekezo ya Kiitaliano.) Dumu la kijeshi la lita 20 la skeli 1:35 ni dogo kwa gari la 1:24, lakini usilitupe: kwa macho ya gari lako lina kimo cha sentimita 32 tu, kwa hiyo linapita kama kidumu cha lita sita hivi cha maji ya kunywa, na kila gari la bara lina kidumu kama hicho nyuma ya siti.

Vipande vya kung'aa vya boksi la Marekani havifai kwa gari la kazi. Vitumbukize kwenye jiki, ule mng'aro unatoka wenyewe, kisha vioshe sana kwa sabuni kabla ya praima. Rangi iliyokwisha kupigwa vibaya kwenye plastiki hutoka kwa mafuta ya breki. Vaa glavu.

Kupiga rangi Malindi kunataka kujua hali ya hewa. Thina inapokauka hupoza plastiki, unyevu wa hewa unatua juu yake, na rangi inageuka na kuwa na ukungu mweupe. Mei, mvua ikiwa imeshika, usipige kabisa. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni wakati mzuri, na saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekwisha. Piga ndani ya katoni kubwa, upepo usikuletee mchanga. Ukungu ukitokea, acha rangi ikauke vizuri, subiri siku kavu, rudia tabaka jepesi.

Halafu kutu. Hapa ndipo ninapowaomba watu sana: mabapa ya Land Rover ni alumini, hayashiki kutu nyekundu. Nimeona vigari vizuri vilivyopakwa kutu milangoni na kwenye boneti, na kazi yote ikaharibika. Kutu nyekundu iweke kwenye chasi, kwenye bampa, na kwenye ukuta wa injini chini ya kioo, maana hivyo ni vyuma. Alumini inapogusana na chuma karibu na bahari hutoa unga mweupe na rangi inavimba, hasa pembeni mwa milango ambayo fremu yake ya ndani ni ya chuma. Rangi ya kijivu iliyopauka iliyochovywa kwa ncha ya brashi kavu inatosha.

Vumbi lichukue mahali gari lako linapopita. Udongo mwekundu wa njia ya Sala si sawa na tope la kahawia ambalo mto Sabaki huleta pwani. Ukaushe juani, uchekeche kwa kitambaa cha leso mara kadhaa, na uushikishe kwa vanishi isiyong'aa. Mchanga wa ufuoni usiutumie: chembe ya milimita moja kwenye kigari cha 1:24 ni jiwe la karibu sentimita mbili na nusu.

Namba za gari ziandikwe mwisho. Chapisha kwenye karatasi ya picha, nyeupe kwa mbele na njano kwa nyuma, na kwa gari la miaka ya 1970 usiweke herufi ya mwisho baada ya tarakimu. Mtindo wa KAA 001A ulianza 1989, kwa hiyo gari lililoingia nchini kabla ya hapo lina herufi tatu na tarakimu tu.