Wasomaji wanauliza: batumbula, maiti yenye damu mdomoni, na popo wa darini

*Jambo wakubwa. Nkambo alikuwa anatutisha na batumbula ili tusitembee usiku. Watoto wangu wanasema ni kitu kimoja na vampiri wa sinema. Ni kweli? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)*

Si kitu kimoja. Vampiri wa Ulaya mashariki ni maiti: mtu amekufa, amezikwa, halafu inasemwa anatoka kaburini kuwanyonya ndugu na majirani. Mutumbula, yaani mmoja wa batumbula, ni mtu hai, mwenye kazi na mshahara. Masimulizi yaliyoenea Katanga wakati wa Wabelgiji yalisema Mwafrika anatumwa na mzungu kukamata watu usiku, nao wanafichwa, wananoneshwa, mwisho wanaliwa. Majirani zetu walikuwa na wao, waliosemwa kuchukua damu za watu. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto. Tanganyika mumiani na chinjachinja. Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, banyama. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000.

Angalia wanaoshukiwa ni nani: watu wenye sare, wenye gari, wenye vifaa ambavyo hakuna aliyewaeleza wenyeji kazi yake. Kwa hiyo msalaba na kitunguu saumu havimfanyi mutumbula lolote. Kinga dhidi ya mtu ni kutotembea peke yako gizani, na hapo nkambo alikuwa sawa kabisa.

Usidhani mambo haya yaliisha na ukoloni. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, makundi ya raia waliwaua watu waliodaiwa kunyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya.

*Nimesoma kwamba Ulaya walikuwa wanafukua maiti na kuikuta imenona, ina damu mdomoni, kucha zimeota upya, na ikipigiliwa mti uliochongwa kifuani inalia. Kama ni uongo, mbona maofisa wa serikali waliandika hivyo? (Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu)*

Waliandika walichokiona. Kosa lao lilikuwa katika kukifasiri.

Kesi mbili ndizo zilizosambaza habari hizi. Mwaka 1725, kijiji cha Kisiljevo, Serbia, iliyokuwa chini ya Austria, alikufa mkulima Petar Blagojević. Wiki kama kumi baadaye watu tisa wakafa ndani ya siku nane. Wanakijiji wakamwambia ofisa wa Austria wazi: tunafukua sasa hivi, au tunahama wote. Wakafukua, wakamkuta na damu mdomoni, wakampiga mti moyoni na kumchoma moto. Ya pili ni ya Arnold Paole wa Medveđa, pia Serbia, aliyevunjika shingo kwa kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa majani. Siku 40 baada ya kufa alifukuliwa, akachomwa mti, akaguna. Vifo vilipoanza tena miaka michache baadaye, daktari wa jeshi Johann Flückinger alitumwa, akafukua makaburi mengine, na ripoti yake ya Januari 1732 ikasomwa Ulaya nzima.

Sasa tuichukue dalili moja moja, maana mhudumu yeyote wa morgi (nyumba ya maiti) angewaeleza wale maofisa bila shida.

Kunona: bakteria wa tumboni hawafi na mwenye tumbo. Wanaendelea kula, wanatoa gesi, na mwili unavimba. Mtu aliyezikwa amekonda kwa ugonjwa anafukuliwa akiwa na mashavu.

Damu mdomoni: gesi hiyo inasukuma mapafu, na majimaji mekundu meusi yanatoka puani na mdomoni. Tena damu ya maiti huganda kisha mara nyingi hurudi kuwa maji, hasa kwa aliyekufa ghafla. Maiti ikilala kifudifudi ndiyo inatoka nyingi zaidi.

Kucha na ngozi mpya: ngozi ya juu inavuka na kubanduka pamoja na kucha, na chini yake panaonekana wekundu kama wa ngozi ya mtoto. Nywele na ndevu haziongezeki hata kidogo. Ngozi inakauka na kurudi nyuma, ndipo shina lililokuwa limefichika linatokeza.

Kuguna: ukichoma kifua kilichojaa gesi, hewa inapita kooni. Sauti inatoka kweli.

Na mbona hakuoza kwa wakati? Kwa sababu watu hawajui muda wenyewe. Madaktari wa zamani walikuwa na kanuni ya makadirio: uozo wa wiki moja hewani ni sawa na wiki mbili majini na wiki nane ardhini. Ongeza baridi ya Januari ya Serbia, na maiti ya wiki kumi si ajabu ikiwa nzima. Kinyume chake, kwenye joto la Uvira hutaona hiyo.

Linabaki swali la kwa nini jamaa walikufa kwa kufuatana. Kesi iliyo wazi zaidi ni ya Marekani, Exeter, jimbo la Rhode Island. Mercy Brown alikufa kwa kifua kikuu Januari 1892, baada ya mama na dada yake, na kaka yake Edwin alikuwa anakohoa tayari. Tarehe 17 Machi wakaitazama miili yote mitatu. Ya wale wa zamani ilikuwa imeshaharibika. Ya Mercy, iliyokaa miezi miwili tu katika baridi kali, ilikuwa na damu moyoni. Moyo ukachomwa, majivu yakachanganywa na kinywaji, Edwin akanywa. Alikufa baada ya miezi miwili. Robert Koch alikuwa ametangaza mdudu wa kifua kikuu tangu Machi 1882, miaka kumi kamili kabla! Anayeuguza ndani ya chumba kisicho na dirisha anaambukizwa, basi anayefuata kufa ni wa nyumba ileile.

*Kundi letu la maigizo linaandaa mchezo wenye vampiri. Tunataka kinga za kweli za mila, si za sinema. (Himbi, Goma)*

Anzeni kwa kutupa vitatu. Jua kumuua vampiri kumetoka kwenye filamu Nosferatu ya 1922. Dracula wa riwaya ya Bram Stoker, 1897, anatembea mchana, ila nguvu zake zinapungua. Kioo kisichomwonyesha ni cha Stoker huyohuyo. Na kujigeuza popo si mila ya vijiji vya Balkani.

Cha mila ni hiki. Kwanza kaburi linatafutwa: kijana asiyejua mwanamke anapandishwa farasi dume wa rangi moja, mweusi tii au mweupe, anapitishwa makaburini, na farasi akigoma kuruka kaburi, hapo ndipo. Jukwaani hiyo ni nzuri kuliko meno marefu. Kisha unachongwa mti wa miiba, unapigwa moyoni, na ikishindikana wanakata kichwa na kuchoma. Poland, Drawsko, wanaakiolojia walikuta mifupa ya karne ya 17 na 18 ikiwa na mundu shingoni: maiti akiinuka, anajikata mwenyewe. Kitunguu saumu mdomoni mwa maiti ni cha Romania.

Kama mnataka kichekesho, chukueni soucouyant wa Trinidad. Ni bibi kizee anayevua ngozi usiku, anaificha kwenye kinu, kisha anaruka kama mpira wa moto na kuingia kwa tundu la ufunguo. Dawa ziko mbili. Mwageni mchele mlangoni; lazima auokote punje moja moja mpaka kukuche. Au tafuteni ngozi yake mkaitie chumvi na pilipili. Akirudi kuivaa, anawashwa mpaka anajitaja. Manananggal wa Ufilipino anafanana naye, ila yeye anaacha kiwiliwili cha chini kimesimama, nanyi mnakipaka chumvi au majivu kisiungane tena. Jiangshi wa China ni maiti iliyokakamaa, haikunji magoti, kwa hiyo inaruka kwa miguu yote miwili huku mikono imenyooshwa. Kizingiti kirefu kinaikwaza. Mwigizaji wake afanye mazoezi ya magoti mapema, maana dakika tano za kuruka hivyo zinachosha kweli.

Kwa Afrika, Waewe wa Ghana na Togo wana adze, anayeingia ndani kama kimulimuli na kunyonya damu ya watoto usiku. Katika nchi ya malaria, si vigumu kuona wazo hilo linakaaje vichwani.

*Darini kwetu kuna popo. Wanaweza kutunyonya? (Ndosho, Goma)*

Hapana. Popo wanaokunywa damu ni aina tatu tu duniani, wote wa Amerika, kuanzia Mexico hadi Argentina. Anayejulikana zaidi ana gramu 25 hadi 40 na anakunywa kama mililita 20 kwa usiku, mara nyingi za ng'ombe. Popo wa darini hula wadudu. Lakini msiwashike kwa mikono mitupu, na msiwapeleke watoto kwenye mapango: mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, huko Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 1998 hadi 2000, ulianzia kwa wachimba dhahabu waliokuwa wanaingia migodi yenye popo. Waliugua 154, wakafa 128.

*Kwenye avenyi yetu wanasema wanaochukua damu wanaiuza, na mtu anabaki mkavu. Nitoe au nisitoe? (Mama wa Panzi, Bukavu)*

Mama, tuhesabu. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Mfuko mmoja ni mililita 450, haujai hata chupa ya nusu lita ya maji. Maji ya damu yanarudi ndani ya siku mbili. Chembe nyekundu zinataka wiki nne hadi sita. Ndiyo maana mwanaume anangoja miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke minne.

Uwe na miaka 18 au zaidi na kilo 50 au zaidi. Kidole kinachomwa kwanza kupima wingi wa damu. Ukiwa chini ya kiwango, unarudishwa nyumbani, usikasirike. Kula kabla, kunywa nusu lita ya maji. Sindano na mfuko vinakuja vimefungwa pamoja. Omba ufunguliwe mbele yako. Wanaozimia wengi ni waliokuja na njaa au walioinuka haraka. Bana pamba kwa dakika tano, na siku hiyo bidoni ya maji ibebwe kwa mkono wa pili.

Mbona mfuko wako unapotea machoni? Unapimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na C, halafu unakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6, si zaidi ya siku 42. Umeme ukikatika bila jenereta, damu hiyo inamwagwa. Kuhusu kuuza: familia ya mgonjwa inaweza kudaiwa gharama ya mfuko na vipimo. Daini risiti iliyoandikwa hivyo, na asiyetaka kuiandika mfikisheni kwa mganga mkuu wa zoni ya afya.