Faili mama ya kitabu pepe: hifadhi maandishi matupu, PDF iwe mtoto

Ndugu, umeuliza kati ya Word, PDF na EPUB (umbizo la vitabu pepe) uhifadhi ipi kama faili mama ya kitabu chako cha hadithi na mashairi, maana unataka kukiuza Kindle na pia kukichapisha kwenye karatasi. Mimi huandaa vitabu vya Kiswahili na Dholuo hapa Kisumu, na ningehifadhi maandishi matupu yenye alama, yaani Markdown. Hizo nyingine zizaliwe humo.

PDF hapana kabisa. Imefungwa kwenye ukubwa wa ukurasa, na kuifumua ni kazi. Mwandishi mmoja aliniletea PDF pekee, muswada umempotea. Nilipoyatoa maandishi, "wanafunzi" lilikatika "wana-" huku na "funzi" kule, na nambari za kurasa zimejichomeka katikati ya sentensi. Ilibidi tupitie neno kwa neno.

EPUB inamfaa msomaji, na Amazon wanaipokea. Lakini ndani yake ni faili nyingi za XHTML, lugha ya kurasa za wavuti, zilizofungwa pamoja, na kuzihariri moja moja kunachosha.

Word andikia tu. Ila kichwa cha sura kipe mtindo wa kichwa, usikikoleze wino tu. Pandoc, programu ya bure inayogeuza faili, hutambua sura kwa mtindo huo. Wino mzito pekee huuchukulia kama aya ya kawaida.

Mashairi ndiyo yatakayokutoa jasho. Markdown huunganisha mistari inayofuatana, kwa hiyo ubeti mzima utatoka kama nathari, vina vimezama katikati. Kwa Pandoc, anza kila mshororo kwa alama ya | na nafasi moja. Tena mshororo wa mizani 16 hautoshi kwenye simu ndogo. Alama ya | hukata mistari tu, kwa hiyo ndani ya EPUB fanya kila mshororo uwe aya yake, kisha weka ujongezo katika CSS, yaani maagizo ya mwonekano, ili kipande kinachoshuka kiingie ndani kidogo, msomaji asidhani ni mshororo mpya.

Halafu kagua ng' yako. Miswada mingi ina alama mbili tatu tofauti za kibainishi, na anayetafuta "ng'ombe" hapati zote. Katika Dholuo, ambako ng' imejaa, ni balaa. Chagua ile iliyonyooka ('), badilisha zote kwa mkupuo ndani ya faili mama. Pandoc itaipinda yenyewe.

Ukishatoa EPUB, ifungue kwenye simu ya bei ya chini, kisha ipitishe EPUBCheck, programu inayokagua makosa ya EPUB, kabla ya kuipakia.