Kidonda cha msumari kikishafunga, je, farasi bado anahitaji chanjo ya pepopunda?

Ndugu, umeeleza kwamba farasi wako ambaye hajawahi kuchanjwa alikanyaga msumari, ukauchomoa, kitundu kikafunga baada ya siku chache na sasa anatembea vizuri, ndipo ukauliza kama bado kuna haja ya kumwita daktari. Haja ipo, tena ni ya leo. Nimetunza farasi kwa muda mrefu, na huko kufunga mapema ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu bakteria wa pepopunda hustawi pasipo na oksijeni, na ukwato uliochomwa kwa kina kisha ukaziba juu huwapa mahali hapo hasa. Mbegu zao sugu zimo udongoni na katika samadi ya farasi mwenyewe, na hudumu ardhini kwa miaka, hivyo usafi wa banda, pamoja na faida zake zote, hauwezi kuzimaliza.

Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki 1 na 3 baada ya jeraha, wakati ambapo jeraha lenyewe limekwisha kusahaulika. Farasi wa kwanza niliyemwona akiugua hakuwa na kidonda ambacho yeyote kati yetu aliweza kukionyesha. Mtunzaji wake alidhani ameumia mgongo, kwa kuwa alikuwa akigeuka mwili mzima bila kukunja shingo. Daktari wa mifugo alimgusa usoni kwa ghafla, na ule utando wa kona ya ndani ya jicho, yaani kope la tatu, ukachomoza na kufunika sehemu ya jicho. Baadaye mkia uliinuka ukakakamaa, pua zikapanuka, akasimama ametanua miguu kama meza, na kila mlango ulipobamizwa misuli yote ilikaza. Njaa alikuwa nayo: aligusagusa majani kwa midomo, lakini taya hazikufunguka. Aliwekwa kwenye banda lenye giza na utulivu, masikio yakazibwa kwa pamba, akapewa penisilini, dawa ya kutuliza misuli na seramu ya kupambana na sumu inayotolewa na bakteria hao, lakini hakupona. Seramu hunasa sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Ile iliyokwisha kushika neva haiigusi.

Kwa hiyo kinga halisi ni chanjo inayotangulia jeraha. Farasi asiyechanjwa huanza kwa dozi 2 zinazopishana kwa wiki 4 hadi 6, kisha huimarishwa kila mwaka, ingawa baadhi ya chanjo zimeidhinishwa kwa vipindi virefu zaidi. Akipata jeraha au akifanyiwa upasuaji, ikiwemo kuhasiwa, na imepita zaidi ya miezi 6 tangu dozi ya mwisho, huongezewa nyingine. Jike mwenye mimba huchanjwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa ili maziwa ya kwanza yampe mtoto kinga, maana kitovu kibichi nacho ni mlango wa ugonjwa huu. Wapo wanaosema kuwa farasi aliyenusurika hahitaji chanjo tena. Si kweli, kwani kiasi cha sumu kinachotosha kumwangusha ni kidogo mno kuuamsha mwili ujijengee kinga.

Kwa farasi wako, daktari ataufungua na kuusafisha ukwato, atampa seramu, na papo hapo atamchoma dozi ya kwanza ya chanjo sehemu nyingine ya mwili. Usiifanye seramu kuwa desturi ya kila jeraha: hutolewa katika damu ya farasi wengine, na mara chache huleta ugonjwa mbaya wa ini. Tena kinga yake hudumu takribani wiki 3 tu, kwa hiyo tarehe ya dozi ya pili iandike siku hiyohiyo na usiiruhusu ipite, la sivyo farasi atabaki bila kinga ya kutegemewa.