Zilikuja au zilikwisha?

Mdogo wangu wa mwisho alinitumia ujumbe wa sauti baada ya kusikia kwamba nimeokoka. Alisema: "Dada, niambie ukweli. Pesa zilikuja ndipo ukamshukuru Mungu, au zilikwisha ndipo ukamkimbilia?" Nimeurudia kuusikiliza mara nyingi. Kwa kuwa najua hakuuliza kwa niaba yake peke yake, nawajibu nyote mlioko nyumbani, na yeyote mwenye ndugu huku majuu.

Zilikwisha. Na zilikuwa zimekwisha zamani, kabla hamjajua.

Nianze na lililonikaa kooni. Kwa karibu miaka 2, pesa niliyokuwa nawatumia ilikuwa ya kukopa. Ile ya ada, ile ya matibabu ya baba, na ile mliyonipigia simu mkapokezana kunishukuru. Nilipokuwa nabeba boksi walianza kupunguza zamu, tukabaki na siku mbili kwa wiki, kisha tukaambiwa tusije mpaka tuitwe. Hatukuitwa. Mimi nikanyamaza, nikachukua kadi ya mkopo, nikatoa pesa, nikatuma. Mwezi uliofuata nikalipa kile kiwango cha chini wanachokuruhusu kulipa, na mtego wenyewe uko hapo: sehemu kubwa ya unacholipa inaliwa na riba, deni linabaki pale pale. Nikachukua kadi ya pili ili nilipe ya kwanza. Aliyewahi kukopa huku ili azibe kule anajua inavyokuwa. Inafika mahali hukumbuki tena ulikopa kwa ajili ya nini.

Sikusema kwa sababu nilijua mnavyoniona, na namna hiyo ya kuniona niliitengeneza mimi mwenyewe. Nilipiga picha mbele ya magari ya watu. Tukizungumza kwa video nilikuwa nasimama kwenye ukuta mmoja ulio safi, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na magodoro ya wenzangu watatu tuliokuwa tukichangia chumba. Niliona kwamba siku nikisema "sina", nitakuwa nimewaangusha wote waliouza walichonacho na kuchanga ili mimi nipande ndege.

Nikiwa katika hali hiyo, Mungu nilimtafuta kwanza kwa njia mbaya, na hili nalisema wazi kwa sababu wengi wenu mnaipita njia hiyo hiyo. Nilimfuata mhubiri mmoja wa kwenye simu. Kila ujumbe wake ulikuwa ule ule: panda mbegu, Mungu anangoja kuiona imani yako. Nikapanda. Nilipanda kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Mavuno hayakuja, na nilipoandika kuuliza nikajibiwa kwamba imani yangu imeingiwa na shaka, niongeze mbegu. Usiku ule nilimchukia Mungu, nikaamini ndiye aliyeninyang'anya. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa yeye.

Kanisani nilikwenda kwa sababu ya njaa. Mtu niliyewahi kufanya naye kazi aliniambia kwamba Jumapili baada ya ibada kuna chakula cha wote na huulizwi kitu. Nikaenda, nikakaa benchi la nyuma, nikasubiri wamalize. Jumapili ya tatu wakasoma Yohana 6, pale Yesu anapowaambia watu waliomfuata ng'ambo ya bahari kwamba wanamtafuta kwa kuwa walikula ile mikate wakashiba. Nilijisikia kama nimenyooshewa kidole mbele za watu. Usiku nikairudia sura nzima nikiwa nimelala, ndipo nikaona kwamba aliwaambia hivyo baada ya kuwalisha. Aliwajua, akawalisha hata hivyo, wanaume wapata 5,000, na vipande vikajaza vikapu 12. Nikaamua kuendelea kwenda.

Pale kanisani kulikuwa na mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa mhasibu kabla ya kustaafu. Siku moja aliniuliza hali, nikamjibu kama tulivyozoea: "Namshukuru Mungu, nzuri." Akanitazama, akaniuliza tena. Nikasema, "Sina." Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote tangu nifike nchi hii. Nilitaka kuendelea, sauti haikutoka.

Akaniambia Jumamosi nimpelekee barua zangu zote. Zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda, nyingi sijazifungua, maana nikiona tu nembo ya benki kwenye bahasha mikono inaniishia nguvu. Alifuta meza, akavaa miwani, akachukua kisu cha mezani, akaanza kuzipasua moja baada ya nyingine. Hakuguna wala kutikisa kichwa. Kila barua aliinyoosha kwa kiganja, akasoma tarehe kwa sauti, akaiweka kwenye rundo lake. Zilikuwa 31. Mbili zilikuwa zimenipa nafasi ya kujieleza kabla riba haijaongezwa, na nafasi hiyo ilikuwa imeshapita nikiwa nimelala juu yake. Tulipomaliza, madeni yangu yote yalikuwa kwenye karatasi moja, upande mmoja. Nikalia. Deni lilikuwa kubwa, lakini kilichoniliza ni kuona kwamba lina mwisho. Miezi yote ile, gizani, nilikuwa naliona halina mwisho. Yule mama akanishika mkono akaomba sala fupi, akanitaja kwa jina langu, akawataja na wanaonidai mmoja mmoja.

Mdogo wangu, ukitaka kujua niliokoka lini, ni pale mezani.

Baada ya hapo tuliwaandikia wote. Anayekudai mara nyingi hukubali ulipe kidogo kidogo ukiwahi kujitokeza; asichokivumilia ni mtu anayejificha. Wawili walisimamisha riba, mmoja alikataa. Nikapata kazi ya kusafisha ofisi usiku, nayo ninayo hadi leo. Deni bado lipo. Naliandika hili ili asije mtu akasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amenilipia madeni. Hajanilipia.

Alichonipa kinanipa shida kukieleza, kwa hiyo nitawapeleka kwa Naomi. Kitabu cha Ruthu kina sura 4 tu, na siku zote nilikuwa nakisoma kama habari ya mkwe mwema na ndoa yake. Kisomeni kama habari ya mama aliyerudi kutoka ughaibuni. Naomi na mumewe waliondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, wakaenda Moabu. Kule alizika mume, na baada ya kama miaka 10 alikuwa amezika na wana wawili. Akarudi. Mji wote ukataharuki, wanawake wakaulizana kama huyu ndiye Naomi. Angeweza kutunga la kusema. Yeye akawaambia wasimwite Naomi, wamwite Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amemtenda mambo machungu. Alitoka amejaa, Bwana amemrudisha hana kitu. Aliyasema hayo hadharani na kumtaja Mungu kuwa ndiye aliyemtenda hivyo, na hakuna mstari unaomkemea. Mimi nililelewa katika kwaya na sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kuomba hivyo. Siku hizi nikitoka zamu, alfajiri, ndivyo ninavyoomba njiani. Namwambia Mungu nilichonacho na nisichonacho, na hofu yangu, bila kupamba. Na nikishamaliza sijioni peke yangu. Hilo ndilo tumaini ninalolizungumzia, na limenishika hata miezi ambayo hesabu haikutosha.

Mstari mnaonitumia sana ni Yeremia 29:11, kwamba Bwana anatuwazia mawazo ya amani, kutupa tumaini. Naupenda kuliko zamani, kwa sababu sasa nausoma pamoja na mstari wa 10. Ile ni barua iliyotumwa kwa watu waliochukuliwa kwenda Babeli, na mstari wa 10 unasema watakaa huko miaka 70. Sura inayotangulia, nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu miaka 2 tu, na Yeremia akamwambia wazi kwamba Bwana hakumtuma. Ningekuwepo, nahisi ningemfuata Hanania. Yeremia anawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini, na mawazo ya amani yanakuja yakiwa juu ya maisha hayo marefu.

Na ile "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", Wafilipi 4:13. Paulo aliiandika akiwa kifungoni, katika barua ambayo ndani yake anawashukuru Wafilipi kwa msaada walioutuma kwa mkono wa Epafrodito. Mtume ametumiwa msaada, na anasema wazi kwamba alikuwa katika dhiki. Mstari wa 12 anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Mimi nilikuwa najua kutuma tu. Kupokea nilikuona aibu, hata kupokea maombi yenu, kwa sababu ili muniombee ilibidi kwanza mjue.

Nilipompigia mama nikamweleza, alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unatulisha na wewe una njaa." Hakusema neno la pesa tena siku ile, na tangu hapo ananipigia yeye. Wengine mmenuna. Nimesikia kwamba dini imenibadilisha, kwamba nimewasahau. Siwalaumu, maana mimi ndiye niliyewazoesha, lakini sitarudi kukopa ili mnifurahie.

Mdogo wangu, ada ya muhula ujao sitaiweza yote. Nitatuma nusu, tarehe 28, mshahara ukishaingia na yule aliyekataa kusimamisha riba akishapata chake. Nusu nyingine kaa na wakubwa muone inapatikanaje, na mkikwama niambieni mapema. Jumapili mchana huwa niko chumbani. Nipigie kwa video. Nitageuza simu uone upande wa pili.